Chupa ya mafuta si dawa ya tumbo la farasi

Swali: Daktari, jana jioni farasi wangu jike wa miaka 9 aligoma kula, akawa anaparapara chini na kugeuka kutazama ubavu. Rafiki alimnywesha chupa ya mafuta ya kupikia, tukamtembeza saa tatu, akapona. Je, niweke mafuta ya akiba?

Jibu: Weka, lakini ya kukaangia.

Misokoto mingi ya tumbo (yaani maumivu ya tumbo) kwa farasi ni myepesi na hupita yenyewe, ndiyo maana kila mganga wa chupa ana ushuhuda wake. Farasi ambaye mafuta yalimwingia mapafuni hasimuliwi. Ukimwinua kichwa na kummiminia, kiasi fulani hupotea njia, na nimonia ya mafuta ni ngumu mno kutibu. Sisi tukitaka kumpa mafuta tunapitisha mpira puani hadi kwenye mfuko wa chakula, na kwanza tunautumia kuona kama mfuko umefurika. Farasi hatapiki. Uliofurika, ukiuongezea, unaweza kupasuka.

Kumtembeza dakika chache ili asigaegae, sawa. Saa tatu ni kumchosha mgonjwa.

Safari nyingine ondoa chakula, kisha hesabu mapigo ya moyo kwa kugusa mshipa chini ya taya. Akiwa ametulia huwa 28 hadi 44 kwa dakika. Yakipita 60 piga simu hapo hapo. Tazama fizi kama zimebadilika rangi, na kama ametoa kinyesi. Sindano ya maumivu usimchome kabla ya kuzungumza na daktari: utumbo uliojinyonga hubaki umejinyonga, ila farasi haonyeshi tena, na saa za kumpasua zinapotea. (Hilo nalo wauza dawa hawalisemi.)

Wako huenda alikunywa maji kidogo, au alibadilishiwa chakula ghafla. Badilisha taratibu kwa siku 10 hivi, nyasi ziwe ndiyo mlo wenyewe na nafaka nyongeza tu. Meno yakaguliwe kila mwaka, maana asiyetafuna vizuri huziba utumbo.

Na kama kuna mtu ameshammiminia kitu, mwambie daktari kabla hajashika mpira. Mimi wengi hunificha, hadi niyaone mafuta yakichuruzika puani.