Kabla hamjamwaga pesa ya mradi, jaribuni kwanza

Nimefanya kazi ya kukusanya data huku Busia, boma hadi boma na simu mkononi, na kama kuna kitu ningeomba watu wa kamati za wodi na vikundi vyetu wanisikie ni hiki: msipange mradi kwa vile watu wanasema, pangeni kwa vile mmeona wakifanya.

Kuna mama alitukaribisha vizuri sana, tukamuuliza kama anatia dawa kwa maji ya kunywa, akasema kila siku. Nikaomba maji kidogo kutoka kwa mtungi, nikatia kidonge cha kupima kwa kichupa, klorini, yaani hiyo dawa ya maji, ikiwepo maji yanageuka pinki, tukangoja wote tukiangalia hako kachupa na maji yakabaki vilevile. Huyo mama si muongo jamani, alinipa jibu ambalo mgeni anataka, hata mimi ningemjibu hivyo.

Na hii maneno ya kwamba kitu cha bure hakithaminiwi, ilishapimwa hapa kwetu. Watafiti wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, walichukua kliniki za wajawazito huku magharibi mwa Kenya, bei ya neti ya mbu ikapangwa kwa kura ya bahati, kliniki zingine bure, zingine mpaka shilingi 40. Kutoka bure hadi 40, waliochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia, na waliopata bure walizitumia sawa tu na walionunua. Hiyo ilichapishwa 2010. Shilingi 40 tu, na mama mjamzito anarudi nyumbani bila neti!

Sasa nyinyi mkiwa na matangi 10 ya maji na vijiji ni 20, msianze na vile viko karibu na lami. Kikundi chetu kilifanya hivyo, tukapeleka kwa vijiji vyenye viongozi wachapakazi, mambo yakaenda poa, halafu tukashindwa kabisa kusema kama ni tangi ama ni hao viongozi. Andikeni vijiji vyote kwa karatasi, mtie kwa kofia, mtoto achote mbele ya baraza, na mkirudi kupima mfike pia kule hamkupeleka kitu mlinganishe, hapo ndio wengi huchoka na hapo ndio jibu liko. Waliokosa waelezwe ukweli siku hiyohiyo. Na memba wa wodi aambiwe mapema kura ndio itaamua, kabla karatasi haijaingia kwa kofia, la sivyo atakuja na kijiji chake mfukoni.