Kuhusu sindano za kupunguza mwili mlizoniagiza

Shangazi, shikamoo. Swali mliloniuliza Ijumaa katika kundi la ukoo nimelisoma: kwa kuwa niko Marekani na nina bima ya kazini, kwa nini nisichukue sindano za kupunguza mwili, ambazo mnaamini napewa bure, nikamtumia Mama Mdogo huko Tanga makasha mawili matatu? Nilinyamaza siku tatu kwa sababu jibu la mkato lingeonekana ni uchoyo. Leo nataja hela bila kuona haya.

Daktari aliponiandikia Wegovy, mojawapo ya sindano hizo, mwaka 2024, bei iliyotangazwa ya dozi ya mwezi, yaani sindano nne, moja kila wiki, ilikuwa takriban dola 1,350, na Zepbound, sindano nyingine ya aina hiyo, ilikuwa kama dola 1,060. Bima nilikuwa nayo, na kila malipo ya mshahara hukatwa kwa ajili yake, lakini kuna kiasi ambacho ni lazima nikilipe mwenyewe kila mwaka kabla haijaanza kuchangia, na kuna dawa ambazo haizigusi kabisa. Nyinyi mnaotumia NHIF mnalijua neno lile la dirishani, "hii haimo kwenye kitita". Huku nako lipo, ila huku linakuja kwa barua.

Barua yangu ilifika baada ya wiki tano. Daktari alikuwa amewaomba watu wa bima idhini ya awali, yaani wakubali kulipia kabla sijachukua dawa, akaeleza kwamba nina presha na kwamba kipimo changu cha uzito kwa urefu (BMI) kimevuka 30, kiwango kinachohesabiwa kuwa unene wa kupindukia. Wakataka kumbukumbu za miezi sita za chakula na mazoezi, tukawapelekea. Mwishowe wakajibu kwa mstari mmoja kwamba dawa za kupunguza uzito hazimo katika mpango wa mwajiri wangu. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba waajiri wengi wakubwa huku hulipia matibabu ya wafanyakazi kwa fedha zao wenyewe, na kampuni ya bima iliyoandikwa kwenye kadi ni kama karani tu. Nilikuwa na siku 180 za kukata rufaa, lakini rufaa humsaidia zaidi mtu aliyenyimwa dawa iliyomo kwenye mpango wake, na yangu haikuwamo.

Lililoniuma zaidi ni kwamba Ozempic na Wegovy ni dawa ileile, semaglutide, na mwenzangu wa zamu ya usiku, ambaye ana kisukari, huchukua Ozempic kwa dola 25 kwa mwezi kupitia bima hiyohiyo. Ukiwa na kisukari wewe ni mgonjwa; ukiwa mnene tu, umejitakia. Hata Medicare, bima ya serikali ya wazee, ilizuiwa na sheria ya mwaka 2003 kulipia dawa za kupunguza uzito, na mlango ulifunguka kidogo Machi 2024, Wegovy ilipoidhinishwa pia kupunguza hatari ya mshtuko wa moyo kwa wanene wenye ugonjwa wa moyo. Kuponi za punguzo za watengenezaji nazo haziruhusiwi kwa wenye bima za serikali.

Basi nikanunua nje ya bima. Agosti 2024 watengenezaji wa Zepbound walianza kuuza moja kwa moja vichupa vya dawa kwa wanaolipa taslimu: dola 399 kwa mwezi kwa dozi ya kuanzia, dola 549 kwa inayofuata, bei ambazo zilishuka mwaka uliofuata. Ni nafuu kwa sababu unavuta dawa mwenyewe kwa bomba la sindano, na mara ya kwanza nilikaa mezani jikoni dakika ishirini nikiitazama ile sindano ndogo kana kwamba itasema neno. Nililipa kwa akaunti ya akiba ya matibabu, ambayo fedha zake hazikatwi kodi. Miezi minane ikanishusha kilo 12, nikaacha kwa kukosa hela, na kilo tano zimesharudi.

Kwa hiyo makasha mawili ya Mama Mdogo hayatafaa kitu. Dozi huanza chini na kupandishwa kwa miezi, dawa inataka kukaa kwenye friji, na iliyoandikwa kwa jina langu sina ruhusa ya kumpa mtu mwingine. Ninachoweza ni kutuma nauli na ada ya daktari bingwa, apimwe sukari, presha na yale magoti, kisha tujue anahitaji nini. Risiti zangu zote ninazo; nazipiga picha sasa hivi, nitaziweka kundini baada ya ujumbe huu.