Rais wa Kenya akikataa kutia saini mswada, je, umekufa?

La, haufi hapo. Kifungu cha 115 cha Katiba ya 2010 kinampa Rais siku 14 tangu apokee mswada: ama autie saini, ama aurudishe Bungeni akiandika vipengele asivyovikubali na sababu zake. Kuukalia kimya hakumsaidii. Siku hizo zikipita bila saini wala waraka wa kuurudisha, mswada unahesabiwa umekubaliwa.

Ukirudishwa, kinachoamua ni idadi ya kura, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Bunge likiyakubali yote aliyotaka Rais, wingi wa kawaida unatosha. Likishikilia mswada ulivyokuwa, au likikubali sehemu tu ya mapendekezo yake, lazima ipatikane theluthi mbili, yaani wabunge 233 kati ya 349 katika Bunge la Taifa (na theluthi mbili ya ujumbe wa kaunti katika Seneti, kama mswada unagusa kaunti). Zikipatikana, Spika anaurudisha kwa Rais ndani ya siku 7, naye ana siku 7 za kutia saini. Asipotia, unakuwa sheria vilevile.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulianguka kwa sababu Rais alipendekeza vifungu vyote vifutwe. Kumpinga kulihitaji hizo 233.

Saini pekee pia haitoshi: sheria huchapishwa kwenye Gazeti rasmi ndani ya siku 7, kisha huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe itaje tarehe nyingine.