Ghala la babu tunataka liwe mgahawa

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Moshi, babu katuachia ghala la kahawa la zamani, kuta nene za mawe na chokaa, juu mbao na bati. Mimi na dada tunataka tufungue mgahawa. Fundi anasema tubandue plasta yote tupige saruji na rangi ya mafuta, tuweke dari la jipsamu, na ule mzani mkubwa wa kahawa tuuze chuma chakavu. Tumpe kazi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Msimpe, nawaomba sana.

Ukuta wa mawe na chokaa unapumua, yani unyevu unaopanda toka ardhini unatoka wenyewe kupitia chokaa, sasa ukipiga saruji na juu yake rangi ya mafuta umeuziba pumzi, maji yanabaki ndani, masika mbili tatu mnaanza kuona chumvi nyeupe, plasta inavimba inabanduka na mteja kakaa hapo na mtori wake. Palipobomoka rudishieni chokaa na mchanga, juu mpake chokaa tu. Tafuteni fundi mzee anayejua kulowesha chokaa, na kijana mmoja akae naye ajifunze, maana hawa wazee wanatuishia.

Jipsamu hapana. Zile mbao ndo mteja anazifuata! San Francisco kule Marekani kiwanda cha chokoleti cha Ghirardelli kiligeuzwa maduka na migahawa mwaka 1964, matofali yake mekundu wakayaacha vilevile na watu wanaenda mpaka leo.

Kinachoua majengo haya hasa ni jiko. Mvuke, moshi, mafuta kwenye mitaro, majiko ya umeme yanayovuta moto mwingi kwenye nyaya za zamani. Mimi ningelijenga uani, jengo dogo pembeni kama majiko ya nje ya nyumbani kwetu, na shimo la kunasa mafuta kabla maji hayajaingia kwenye mfereji, humo ghalani abaki mteja na meza. Nyaya zote mpya. Manispaa muwaone mapema, kibali cha ujenzi na cha kubadili matumizi, na zimamoto waje wawaonyeshe mlango wa pili ukae wapi.

Na huo mzani jamani, KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilianza 1933, mji wenu umekula kwa kahawa, wazee kibao walisimama mbele ya mizani kama hiyo na magunia yao. Usafisheni kutu, muuweke mlangoni.