Jibu: Jefferson na Burr walilinganaje kura?
Mkuu, umeuliza iweje Thomas Jefferson na Aaron Burr, watu wa chama kimoja, wagombanie urais wa Marekani mwaka 1800. Hawakupanga. Katiba ya wakati ule ilimpa kila mjumbe wa uchaguzi kura mbili, bila kutenganisha ya rais na ya makamu. Chama kilimtaka Jefferson awe rais na Burr makamu, lakini wajumbe wao wakawapigia wote wawili, wakapata 73 kila mmoja. Burr angeweza kumpisha mwenzake waziwazi, lakini hakufanya hivyo (kwangu mimi hapo ndipo alipojiharibia). Kwa kuwa walilingana, uamuzi ukaenda kwa Baraza la Wawakilishi la bunge la Marekani, likapiga kura mara 36 hadi Februari 17, 1801, Jefferson akapita. Ajabu ni Alexander Hamilton, kiongozi wa chama pinzani cha Wafederali: hasimu wa Jefferson, lakini ndiye aliyewasihi Wafederali wenzake wamkatae Burr. Kasoro ile ilizibwa na Badiliko la 12 la Katiba mwaka 1804, mwaka uleule Burr, akiwa bado makamu wa rais, alipompiga risasi Hamilton katika pambano la bastola kule Weehawken, New Jersey. Hamilton akafa kesho yake.