Wavu wa dirisha ukipandishwa ukae: pini, kapi, na makosa yanayouangusha

Dirisha la nyumba ya zamani, iwe Mji Mkongwe, Wete au Chake Chake, mara nyingi lina tabaka tatu: vibao vya mbao vinavyofungukia nje, nondo katikati, na wavu wa mbu upande wa ndani. Mvua ikija, mkono lazima upite kati ya nondo kuvivuta vibao. Wavu uliopigiliwa misumari haumpishi mtu, na matokeo yake tunayaona kila mtaa: pembe moja imechanwa ili mkono upite, au wavu umeng'olewa ukawekwa nyuma ya kabati. Kwa dirisha la namna hii wavu unaofaa ni wa kuteleza, unaopanda juu ndani ya mifuo, yaani mifereji, miwili ya pembeni. Kazi yote iko kwenye kinachoushikilia ukishapanda.

Sisi msimamo wetu ni mmoja: wavu ushikwe na pini iliyoingia kwenye tundu, usishikwe na kubana. Wavu uliobanwa kati ya miimo, yaani mbao za wima za pembeni mwa dirisha, au uliowekewa kipande cha bati kilichopindwa kiusukume pembeni, unategemea msuguano, na msuguano visiwani kwetu haudumu mwaka mzima. Kipande cha mbao chenye upana wa milimita 45 hutanuka kwa karibu nusu milimita kikitoka ukavu wa kaskazi na kuingia unyevu wa masika. Fremu ina vipande viwili vya wima, kwa hiyo unazungumzia karibu milimita 1 kwa jumla, na hiyo milimita 1 ndiyo yote uliyokuwa ukiitegemea. Wavu unaokaa vizuri Aprili hushuka wenyewe Januari, na ule uliorandwa Januari ukateleza vizuri hugoma kupanda Aprili. Pemba, ambako mvua ni nyingi kuliko Unguja, tatizo ni kubwa zaidi.

Gongo la kuegemeza, ambalo nyumba nyingi zinalo, halifai kabisa. Upepo wa kusi ukiusukuma wavu kidogo tu, gongo linateleza na fremu inashuka kwa kishindo. Fremu ya sentimita 60 kwa 80 ya mbao ngumu ina uzito wa karibu kilo 2. Kilo 2 zikiviangukia vidole vya mtoto vilivyoshika kizingiti, zinaumiza.

Kabla ya kufika kwenye pini, hakikisha wavu una pa kwenda. Wavu wenye urefu wa sentimita 80 unataka sentimita 80 nyingine za nafasi juu yake. Katika kuta nene za mawe, mifuo inaweza kuendelea kupanda ukutani kwa ndani, juu ya kizingiti cha juu. Pasipo nafasi hiyo, gawa dirisha: nusu ya juu iwe wavu usiosogea, nusu ya chini iteleze mbele yake. Kwa dirisha la sentimita 120, nusu ya juu iwe 60 na ya chini 62, zipandane kwa sentimita 2 pale katikati, na hapo weka utepe wa brashi, maana ufa wa milimita 3 unatosha mbu kupita. Waya wenyewe uwe wa matundu 18 kwa 16 katika kila inchi.

Mfuo wa kuongozea tunautengeneza kwa vipande viwili vya mbao vilivyopigwa kwenye mwimo, kimoja nje ya fremu na kimoja ndani, vyote vimetokeza milimita 12. Acha nafasi ya milimita 2 kila upande kati ya fremu na mwimo. Kwa Pemba tunaacha 2 na nusu. Nafasi hiyo haimpitishi mbu, kwa sababu inafunikwa na vile vipande. Katika nyumba za Mji Mkongwe usitoboe fremu ya zamani ya dirisha. Tengeneza fremu nyembamba ya ndani, uipachike ndani ya kina cha ukuta, na skrubu zake ziingie kwenye vigingi vya mbao, kwa sababu lipu ya chokaa humegeka ukiitegemea peke yake. Mji huo umo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kazi yoyote inayoonekana kutoka barabarani inataka kibali cha mamlaka ya uhifadhi. Kazi ya ndani inayoweza kuondolewa bila kuacha kovu ni bora kwako na kwa nyumba.

Sasa pini. Kwa wavu mmoja unahitaji vipande viwili vya fimbo ya shaba ya manjano au stenlesi, unene milimita 6, urefu sentimita 9, springi mbili za stenlesi zenye upana wa kuvalia fimbo hiyo na urefu wa milimita 30, vishikio vinne vidogo vya shaba, washa mbili, skrubu mbili za kichwa cha pete, mita 1 ya uzi mnene wa kuvulia, na kijiti cha mbao ngumu cha sentimita 10. Kipande cha chini cha fremu kiwe kipana kuliko vingine, cha inchi 4 kwa 1, ili mkono upate pa kushika.

Pini usizipitishe ndani ya mbao ya fremu. Pembeni hapo ndipo penye ulimi wa kiungo, ile ncha ya kipande kimoja inayoingia ndani ya mwenzake, na ukitoboa pale unaukata ulimi huo, kisha fremu inalegea pembe baada ya muda mfupi. Zilaze pini juu ya uso wa kipande cha chini, upande wa chumbani, kila moja ikipita kwenye vishikio viwili. Zikikaa hapo, ncha zake zinatazama ubavu wa kile kipande cha ndani cha mfuo, na matundu utayatoboa kwenye ubavu huo huo. Springi ivalie pini kati ya vishikio viwili. Upande wa ndani iegemee kishikio, upande wa nje isukume washa iliyozuiwa na kijisumari kilichopita kwenye pini. Ukiiachia, pini itokeze milimita 15 kupita ubavu huo wa mfuo.

Mkia wa kila pini ufungwe uzi unaokwenda katikati. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtu akiunganisha nyuzi mbili moja kwa moja na kuweka kijiti katikati, analazimika kukivuta karibu sentimita 8 ili pini zirudi milimita 15, kwa sababu uzi ulionyooka ukivutwa kwa ubavu hurudisha kidogo sana. Weka zile skrubu za kichwa cha pete katikati, karibu na ukingo wa chini, zikiachana sentimita 4. Uzi wa kila pini upite kwenye skrubu iliyo upande wake, upinde kwenda juu, ufike kwenye kijiti. Kwenye fremu, juu kidogo ya kijiti, pigilia mpini usiosogea. Sasa ukikamata mpini na kijiti kwa mkono mmoja, kama unavyobana breki ya baiskeli, kijiti kinapanda milimita 15 na pini zote mbili zinaingia kwa pamoja. Ukiachia, zinaruka kwenye tundu na unasikia mlio mmoja. Ukisikia milio miwili, uzi mmoja ni mrefu kuliko mwenzake: ufungue uufunge upya.

Mpini uwe katikati kwelikweli. Fremu ikiinuliwa kwa upande mmoja hukaa mshazari na kukwama, hasa ikiwa pana kuliko urefu wake, na mtu akitumia nguvu kuikwamua ndipo viungo vinapoachana.

Matundu yawe na upana wa milimita 7 kwa pini ya 6, kina milimita 18. Usiyapime kutoka kizingiti cha chini, kwa kuwa vizingiti vya nyumba kongwe havikulala sawa, na utajikuta tundu la kushoto liko juu ya la kulia. Ingiza wavu kwenye mfuo, uinue mpaka kimo unachotaka, ulaze sawa kwa pimamaji, uushikize kwa kabari, paka ncha za pini makaa au chaki, kisha ziachie zigonge. Alama zitakazobaki ndizo utakazotoboa. Tofauti ya milimita 3 baina ya pande mbili inatosha kufanya pini moja ibebe uzito wote na nyingine isiingie kabisa.

Jozi tatu za matundu zinatosha: moja chini kabisa, inayoufunga wavu usiinuliwe na upepo au na mtoto, moja kwenye sentimita 30, ya kupitisha mkono, na moja juu kabisa, ya kusafisha dirisha. Kama mbao ni msindano, kila tundu livalishwe kibati cha shaba cha milimita 2 chenye tundu la 7 na skrubu mbili, kwa sababu msindano ni laini na pini huligeuza tundu kuwa yai. Mninga na mfenesi vinaweza kwenda bila kibati, ila ndani ya tundu pakwe vanishi mara mbili. Maji ya mvua yakikaa humo mbao huoza kutokea ndani huku nje inang'aa.

Kuhusu springi, usidanganyike kwa sumaku. Watu wamezoea kwamba stenlesi haishiki sumaku, wakaitupa springi nzuri. Waya wa stenlesi uliovutwa na kukunjwa ukiwa baridi hushika sumaku kidogo, na hilo halimaanishi ni bandia. Ikivutwa kwa nguvu kama msumari, hiyo ni chuma, na kwa hewa ya chumvi itashika kutu na kukwama ndani ya vishikio. Springi ya kalamu ni dhaifu mno kwa kazi hii.

Kwa dirisha jembamba, chini ya sentimita 45, kuna njia rahisi ambayo pia inashika kwa umbo. Piga kibao kidogo cha mbao ngumu kwenye uso wa mwimo kwa skrubu moja isiyokazwa sana, ulimi wake uingie mbele ya wavu, na chini yake msumari wa kukizuia kisishuke zaidi ya kulala. Kwenye fremu pigilia kigingi kilichotokeza. Wavu ukipanda, kigingi kinakiinua kibao na kupita, kibao kinaanguka kwa uzito wake, na kigingi kinakaa juu yake. Kushusha, inua wavu kidogo na ukigeuze kibao kwa kidole. Fanya pande zote mbili. Mpaka hapo ni skrubu mbili na dakika 20.

Dirisha pana la ukumbini ni habari nyingine. Fremu ya mita 1 kwa sentimita 90 inafika kilo 2 na nusu au zaidi, na mtu mzima mwenye mabega mabovu hawezi kuipandisha kila siku. Hiyo inataka kapi na kamba kila upande, na uzito wa kuisawazisha kwenye ncha ya pili ya kamba. Kapi zenyewe ni kama gofia za jahazi. Pima fremu kwenye mizani ya dukani ikiwa imeshapakwa rangi na kuwekwa waya, kwa sababu rangi na waya vina uzito wake. Gawa kwa mbili, kisha ongeza gramu 100 kila upande ili wavu uelekee kukaa juu. Nondo ya milimita 16 ina kilo 1.58 kwa mita, na ya milimita 20 ina kilo 2.47. Kwa fremu ya kilo 2.6, kila upande unataka kilo 1.4, yaani sentimita 57 za nondo ya 20. Ipake rangi ya kuzuia kutu, uishushe ndani ya bomba la plastiki la milimita 32 lililosimama kando ya mwimo. Uzito hushuka sawasawa na wavu unavyopanda, hivyo wavu ukipanda sentimita 90 bomba linahitaji 90 na 57, karibu mita 1 na nusu. Ukilikata fupi, nondo itagonga chini na wavu utagoma kabla ya kufika.

Hata kwenye wavu wa kapi weka pini. Kamba haikatiki kwa taarifa. Ikikatika ya upande mmoja wavu unalala mshazari, na pini ndiyo inayouzuia. Kamba ikianza kutoa manyoya pale inapopita kwenye kapi, badilisha zote mbili siku hiyo hiyo, maana zimefanya kazi sawa.

Nyavu za alumini ni nyepesi, na pini hiyo hiyo inazitosha, lakini shaba usiiguse. Shaba na alumini zikikutana penye chumvi, alumini huliwa, unaanza kuona unga mweupe kuzunguka skrubu. Tumia pini ya nailoni, au ya stenlesi yenye washa ya plastiki kila inapogusana na fremu.

Mfuo usipakwe mafuta wala grisi, kwani vinakusanya mchanga na kuwa msasa. Sugua mshumaa, au nta ya nyuki, kwenye mbao kavu ya mfuo kabla ya masika na kabla ya vuli. Pini zifutwe kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo chumvi, zikaushwe.

Wavu ulio juu ni dirisha lililo wazi. Ushushe kabla ya magharibi, kwa sababu mbu wa malaria hutafuta damu zaidi usiku. Yule wa homa ya dengi huuma mchana, kwa hiyo mchana nao usiuache juu ukishamaliza kazi. Na ghorofani nondo zibaki mahali pake. Waya wa mbu haumzuii mtoto anayeuegemea, hata pini zake ziwe imara namna gani.