Kukata kulia kuna bei yake: makadirio ya muda wa safari Kigoma mjini

Ukigawa umbali kwa mwendo unapata muda wa barabara tupu. Kigoma mjini safari nyingi ni za kilomita chache, hivyo nusu dakika ya kusubiri kwenye kona, ikijirudia mara tatu, inatosha kuharibu makadirio yote.

Dawa inayopendwa ni kuongeza sekunde 10 kwa kila makutano. Haifai. Tanzania tunaendesha kushoto: anayekata kushoto kwa kawaida hupunguza mwendo tu akapita, anayekata kulia husubiri mwanya kati ya magari yanayomkabili. Kwa hiyo sekunde ziandikwe kwa jozi, barabara unayotoka na unayoingia. Kwenye ramani ya kompyuta, kila kipande cha barabara, kwa kila uelekeo wake, kigeuzwe nukta, na kila kona iwe mstari wa kuunganisha nukta mbili, unaobeba sekunde za kona hiyo. Njia panda ya matawi manne ina mistari 12 ya aina hiyo, pamoja na ya kwenda moja kwa moja, ukiacha wanaogeuza gari kurudi walikotoka.

Kupima kunataka watu wawili, saa na karatasi. Tuseme mko Mwanga, hapo Kigoma mjini. Mmoja, kila sekunde 15, anaandika magari mangapi yamesimama yakisubiri kukata kulia. Wa pili anahesabu yote yaliyokata kulia, hata yaliyopita bila kusimama. Ukiyaacha hayo, wastani unapanda bure. Robo saa inatoa hesabu 60. Jumla ikiwa 84, zidisha kwa 15 upate 1,260, kisha gawa kwa magari yaliyopita, tuseme 45: sekunde 28 kwa gari.

Bodaboda zipewe karatasi yake, maana hupenya hadi mbele ya foleni. Ukizichanganya, wastani haumfai dereva wa daladala wala wa boda. Na daladala inayosubiri abiria si foleni, hata ikiziba njia.

Kosa linalojificha ni kuhesabu mara mbili. Mwendo uliochukuliwa kwa GPS hadi ukingo wa makutano tayari una kusubiri ndani yake. Kata kipande cha mwisho, kuanzia kwenye mkia wa foleni hadi makutano, ndipo uongeze sekunde za kona.

Kipimo cha saa nne asubuhi usikizidishe kwa mbili ili upate cha saa moja. Magari ya mbele yakiongezeka, mianya ya kutosha huadimika upesi kuliko magari yanavyoongezeka, na foleni hurefuka ghafla. Rudini mkapime saa hiyohiyo.